Nani Analipia Saa ya Afya? Kumbukumbu na Mafunzo ya Ustawi Kazini kutoka Chebunyo na Mashamba ya Chai

Mpango wa ustawi kazini, kwa maana inayotumika katika makala haya, ni jumla ya hatua ambazo mwajiri na wafanyakazi huzichukua kwa pamoja ili kazi isiharibu afya ya anayeifanya na, panapowezekana, iilinde: kupima shinikizo la damu na kisukari, kutibu mapema, kupunguza mizigo inayoumiza mgongo, kutoa ushauri nasaha kwa aliyelemewa na mawazo au pombe, na kuhakikisha kuna maji safi, choo na chakula mahali pa kazi. Maneno haya hayana mpinzani, kwa kuwa hakuna meneja wala mchumaji majani atakayesimama mbele ya wenzake na kusema kwamba afya haina maana. Upinzani huzuka mpango unapodai saa, yaani pale mtu anapotakiwa kuacha kazi inayomlipa ili apimwe, afundishwe au apumzike. Hapo ndipo watu waliopiga makofi mkutanoni hukosekana mlangoni, na ndipo waandaaji hulaumu ujinga au uzembe wa wafanyakazi, ilhali sababu imo katika karatasi ya malipo.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba uungaji mkono wa mpango wa ustawi hutegemea zaidi jibu la swali moja kuliko ubora wa mahubiri: saa inayotumika kwa ajili ya afya inakatwa kwa nani? Hoja hiyo imetokana na kumbukumbu za aina mbili. Ya kwanza ni ya miaka ambayo mwandishi alikuwa karani wa mizani katika shamba la chai, akiandika kilo za kila mchumaji. Ya pili ni ya kipindi alichokuwa mjumbe wa kamati ya afya na usalama katika kituo kimoja cha kupokea maziwa, baada ya kurejea nyumbani Chebunyo. Majina ya waajiri hao hayatajwi, kwa sababu yaliyotokea kwao hutokea kwingi na somo lake si mali ya taasisi moja.

Nchi ya majani na nchi ya maziwa

Chebunyo ni wadi ya eneo bunge la Chepalungu katika Kaunti ya Bomet, upande wa chini ambako joto huzidi na mvua hupungua kuliko katika miinuko ya Kericho, Litein na Mogogosiek, na ambako riziki hutokana na ng'ombe na mahindi zaidi kuliko chai. Hata hivyo, maisha ya Chebunyo hayawezi kutenganishwa na mashamba ya chai, kwa maana vijana wa huku hupanda kwenda kutafuta kibarua huko, hukaa katika nyumba za kampuni kwa miaka, kisha hurudi wakiwa na akiba au wakiwa na maradhi. Mgongo ulioumia Kericho huuguzwa Chepalungu, na gharama yake hulipwa na mke, mama au mtoto aliyeachishwa shule, wala haionekani katika hesabu za mwajiri. Kwa sababu hiyo, mazungumzo juu ya afya ya mfanyakazi wa chai ni mazungumzo ya Chebunyo pia.

Huduma za afya zinazotolewa na mwajiri si jambo jipya katika ukanda huu. Kampuni kubwa za chai zilianza kupanda miche Kericho katikati ya miaka ya 1920, na kadiri zilivyokusanya maelfu ya watu katika makambi ndivyo zilivyolazimika kujenga zahanati na hospitali, hasa kwa sababu malaria ya milipuko, yaani ile inayoingia kwa vishindo miongoni mwa watu wasio na kinga ya kutosha, iliweza kulaza sehemu kubwa ya nguvukazi katika msimu mmoja. Rejista za hospitali za mashamba hayo zilitunzwa kwa uangalifu kiasi kwamba miongo kadhaa baadaye watafiti walizitumia kujadili mwenendo wa malaria katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Upande wa Bomet, Hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamishonari mwaka 1937, imekuwa kimbilio la wengi ambao hawana kampuni nyuma yao. Urithi huu ni mkubwa na unastahili heshima, lakini ulikuwa na tabia moja iliyodumu: mfanyakazi alipokelewa baada ya kuugua, na mambo yaliyomfanya augue yaliamuliwa bila yeye.

Ushahidi wa mizani

Mchumaji wa chai hulipwa kwa kilo, mfumo ambao ujira hufuata kiasi cha kazi badala ya saa zilizotumika, na kwa hiyo mizani huwa mahali ambapo afya ya mtu husomeka kabla ya daktari yeyote kuitwa. Karani anayepokea vikapu kila siku hutambua haraka kwamba mama aliyezoea kuongoza mstari sasa anafika wa mwisho, kwamba kilo zake zinapungua juma baada ya juma, kwamba ameanza kuomba kazi nyepesi ya kupalilia au kufagia, na kwamba mwanawe sasa anaandamana naye ili kikapu kijae. Mambo hayo yalijulikana mizanini na hayakuwa na pa kwenda, kwa sababu daftari la kilo lilipelekwa kwa mhasibu, wala hapakuwa na njia ya kulifikisha kwa muuguzi bila kumwaibisha mwenye jina.

Kilichoonekana na makarani kilithibitishwa na utafiti. Mwaka 2004 Matthew Fox na wenzake walichapisha uchunguzi wa wachumaji wa shamba moja la chai magharibi mwa Kenya kwa kipindi cha kuanzia 1997 hadi 2002, wakilinganisha wale walioacha kazi au kufariki kwa sababu zinazohusiana na Ukimwi na wenzao waliofanya kazi katika mazingira yaleyale. Walikuta kwamba katika mwaka mmoja na nusu wa mwisho wagonjwa walichuma pungufu ya wenzao kwa kilo kati ya 4.11 na 7.93 kwa siku, na kwamba mapato yao yalikuwa chini kwa asilimia 16 katika mwaka wa pili kabla ya kuondoka na kwa asilimia 17.7 katika mwaka wa mwisho. Miaka michache baadaye, mwaka 2008, Bruce Larson na wenzake walionyesha kutoka Kericho kwamba wafanyakazi walioanzishiwa dawa za kupunguza makali ya Ukimwi walirejea mashambani na kufanya kazi siku nyingi zaidi kuliko ambavyo wangeweza bila dawa.

Takwimu hizi hutumiwa mara nyingi kumshawishi mwajiri kwamba afya ni faida, na matumizi hayo ni halali. Zina fundisho jingine linalosahaulika: ugonjwa tayari una mlipaji. Kabla mwajiri hajatoa hata shilingi moja kwa ajili ya mpango wa ustawi, mchumaji mgonjwa amekwisha kulipa kwa kilo alizoshindwa kuchuma, kwa likizo aliyoimaliza akiwa kitandani na kwa nguvu za jamaa zake. Anayekuja kumwomba mtu huyo asimame saa moja ili asikilize somo la lishe humwomba alipe mara ya pili.

Kwa nini wanaohitaji zaidi hawaji

Katika shamba mojawapo, siku ya upimaji wa presha na kisukari ilitangazwa kwa mabango na kwa kipaza sauti, hema likasimamishwa karibu na ofisi, na wauguzi wakafika mapema. Saa zilizochaguliwa zilikuwa za asubuhi, wakati ambapo umande umeanza kukauka na mchumaji hodari hutengeneza sehemu kubwa ya ujira wake wa siku. Waliojipanga hemani walikuwa makarani, madereva, walimu wa shule ya shamba na watu wa ofisini, ambao wote walikuwa na mshahara wa mwezi usiopungua mtu akisimama foleni. Wachumaji walipita kando na vikapu mgongoni. Ripoti iliyofuata ilisifu idadi ya waliopimwa na kusikitikia mwamko mdogo wa vibarua, na hakuna aliyeandika kwamba kila aliyepimwa alikuwa mtu asiyekatwa chochote kwa kupimwa.

Jambo hilo si la Kericho pekee, kwani hata nchini Marekani, ambako waajiri wakubwa wamekuwa na mipango ya ustawi tangu miaka ya 1970, tafiti makini zimeleta matokeo yanayofanana. Katika Chuo Kikuu cha Illinois, Damon Jones, David Molitor na Julian Reif waliwagawa wafanyakazi karibu 5,000 kwa kura, wengine wakialikwa kwenye mpango na wengine wasialikwe, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2019 mpango haukupunguza kwa kiasi cha maana gharama za matibabu wala utoro kazini. Zaidi ya hayo, waliojiunga walikuwa tayari watu wenye gharama ndogo za matibabu hata kabla mpango haujaanza. Mwaka huohuo Zirui Song na Katherine Baicker walitoa matokeo ya uchunguzi uliohusu karibu wafanyakazi 33,000 katika vituo 160 vya kampuni moja ya maduka, ambako baada ya miezi 18 watu walisema wanafanya mazoezi zaidi na kuangalia uzito wao zaidi, lakini vipimo vya kitabibu, gharama na utoro havikutofautiana na vya vituo ambavyo havikuwa na mpango.

Anayetaka kujenga uungaji mkono hana sababu ya kuyaficha matokeo haya, kwa maana mjumbe wa bodi atakayeahidiwa faida ya haraka ataufuta mpango faida hiyo isipoonekana katika hesabu za mwaka. Tafiti hizo hazisemi kwamba afya ya mfanyakazi haijengeki kazini. Zinaashiria kwamba mpango unaomwachia mtu mwenyewe mzigo wa kubadili mwenendo unaweza kuwavuta zaidi wale ambao wangejitunza hata bila mpango. Tofauti na matokeo ya dawa kule Kericho ni ya wazi: palipokuwa na tiba ya ugonjwa uliokuwa ukiwaangusha watu, tena tiba iliyowafikia, mizani ilisema kweli.

Kamati ya Chebunyo

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inaitaka kila sehemu ya kazi nchini Kenya yenye watu 20 au zaidi iwe na kamati ya usalama na afya, na kamati hiyo huundwa na wawakilishi wa mwajiri na wa wafanyakazi kwa idadi sawa. Mahali pengi kamati huishi katika faili tu. Katika kituo cha maziwa kinachokumbukwa hapa iliamuliwa kwamba kamati hiyohiyo ndiyo itakayobeba mpango wa ustawi, badala ya kuunda chombo kipya kitakachodai kiti, posho na mhuri, na uamuzi huo ulikuwa wa busara kwa sababu mpango ulizaliwa ukiwa na miguu ya kisheria.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuuliza kabla ya kutoa. Wakipsigis wana desturi ya kokwet, yaani baraza la ujirani ambamo jambo linalowahusu watu wa eneo moja huzungumzwa mpaka lieleweke, na mzee wa baraza, boiyot ab kokwet, hutaja mwafaka baada ya kuwasikiliza wengine. Mkutano wa kituo uliendeshwa kwa utaratibu huo: waliozungumza kwanza walikuwa wapokeaji wa maziwa, wasafishaji na walinzi wa usiku, na meneja alizungumza mwisho. Ilitarajiwa kwamba watataja presha, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikitajwa redioni. Walichotaja kilikuwa mtungi. Mtungi wa maziwa wa lita 50 ukijaa huzidi kilo 50, na wapokeaji waliuinua kutoka chini hadi kwenye jukwaa la kupimia asubuhi yote. Wasafishaji walitaja sakafu yenye maji na viatu visivyozuia baridi. Mama mmoja wa makamo, aliyekuwa akiitwa Mama na kila mtu kituoni, alitaja homa isiyoisha na maumivu ya viungo, dalili ambazo mhudumu wa afya alieleza kwamba zinaweza kuwa za brusela, ugonjwa wa bakteria unaompata binadamu kutoka kwa ng'ombe kupitia maziwa mabichi au kwa kugusa mimba iliyotoka.

Mpango ulianzia hapo. Jukwaa la kushushia lilijengwa upya kwa kimo cha sehemu ya mizigo ya pikapu, ikawekwa kanuni kwamba mtungi uliojaa hubebwa na watu wawili, viatu vikanunuliwa, na yakafanyika mazungumzo kuhusu kuchemsha maziwa yanayonywewa kituoni. Upimaji wa presha na kisukari ulifuata baadaye, na watu walikuja, kwa sababu walikuwa wameona kwamba waliyoyasema yamejibiwa. Mfuatano huu ndio somo kubwa la Chebunyo: mzigo uliotajwa na mfanyakazi hutangulia, na ugonjwa uliotajwa na mtaalamu hufuata, hata kama mtaalamu ana haki ya kuuona wa kwake kuwa hatari zaidi. Presha huua kimya na mtungi huumiza mchana kweupe, lakini mtu hawezi kumwamini anayemwonya juu ya asichokiona ikiwa mwonyaji huyo amekataa kuona kinachoonekana.

Mnyapara, siri na makato

Uungaji mkono wa meneja huleta fedha, na wa wafanyakazi huleta mahudhurio, lakini kati yao yupo mnyapara, msimamizi wa zamu au wa mstari, ambaye huruhusu au hunyima saa yenyewe. Mnyapara hupimwa kwa kilo au lita za kikosi chake. Akiambiwa awaachie watu watano waende kupimwa huku lengo lake la siku likibaki palepale, atawaachia kwa mdomo na kuwazuia kwa uso, na hakuna bango litakaloshinda uso huo. Katika kituo cha maziwa utatuzi ulikuwa wa kawaida sana: shughuli za afya ziliwekwa baada ya lori la mwisho la asubuhi kuondoka, zikahesabiwa kuwa kazi, na lengo la zamu likapunguzwa kwa maandishi siku hiyo. Kwa mchumaji anayelipwa kwa kilo, hatua inayolingana nayo ni kumlipa wastani wa kilo zake kwa saa alizotumia, jambo ambalo daftari la mizani linaweza kulikokotoa bila shida, kwa kuwa namba zote zimo tayari.

Siri ni nguzo nyingine. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2006 inakataza kumlazimisha mtu apimwe virusi ili apate au aendelee na kazi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaiweka taarifa ya afya ya mtu katika kundi la taarifa nyeti. Mfanyakazi hajali sana vifungu. Hujali nani atakayeshika karatasi. Kwa hiyo wapimaji walitoka nje ya kituo, majibu yalitolewa mkononi mwa mwenyewe, na ofisi ilipewa jumla pekee bila majina. Uangalifu huu una uzito wa pekee kwa wanawake. Mwaka 2023 uchunguzi wa BBC ulieleza jinsi wanawake katika mashamba ya chai ya Kericho walivyodaiwa ngono na wasimamizi ili wapate kazi au kazi nyepesi, na baada ya taarifa kama hizo hakuna anayeweza kutarajia kwamba mwanamke atajiandikisha kwa ajili ya ushauri nasaha kupitia msimamizi huyohuyo. Mpango wa ustawi usio na njia ya malalamiko isiyopita kwa mnyapara huwaacha nje wale wanaouhitaji kuliko wote.

Lipo pia suala la makato. Tangu Oktoba 2024 mfanyakazi wa mshahara nchini Kenya hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kwa ajili ya bima ya afya ya jamii, na kwa hiyo anaposikia neno afya kazini hufikiri kwanza kwamba kuna kitu kingine kitakachokatwa. Kamati ilijifunza kulisema mapema na kwa sauti kwamba mpango hauna makato, na kisha kumweleza kila mtu, kwa hesabu za karatasi yake mwenyewe, kile ambacho makato aliyokwisha kutozwa yanampa haki ya kukipata. Msaada wa kusajili mwenzi na watoto katika bima hiyo ulipokelewa kwa shukrani kubwa kuliko somo lolote la mazoezi.

Kudumu baada ya mwenye nia njema kuondoka

Mipango mingi hujengwa juu ya wema wa mtu mmoja: meneja anayejali, daktari wa kampuni aliye na bidii, au mwenyekiti wa bodi aliyefiwa na ndugu kwa kiharusi. Wema huo ni baraka, lakini hauhamishwi pamoja na hati za mali. Kati ya 2022 na 2024 mashamba makubwa ya Kericho yaliyojulikana kwa vizazi kwa majina ya Unilever na James Finlay yalipata wamiliki wapya, na mashine za kuchumia zimeendelea kupunguza mikono inayohitajika, hata zikachomwa moto na waandamanaji mwaka 2023. Katika hali hiyo ahadi isiyoandikwa haina mlinzi. Saa ya afya inayolipwa, kanuni ya uzito wa mzigo na utaratibu wa siri vinapaswa kuingizwa katika mkataba wa pamoja, yaani makubaliano ya maandishi kati ya chama cha wafanyakazi na waajiri, kwa sababu kilichomo mkatabani kinaweza kudaiwa bila kutegemea wema wa mtu mmoja.

Wapo wanaobaki nje hata ya mkataba huo. Kibarua wa msimu na kijana wa bodaboda anayeleta maziwa kituoni hawamo katika orodha ya wafanyakazi, ingawa migongo yao hubeba mzigo uleule. Kamati ya Chebunyo iliwaruhusu kupimwa pamoja na wengine, na uamuzi huo ulipingwa kwanza na wajumbe waliohofia gharama, mpaka mkulima mmoja wa bodi alipouliza maziwa yake yangefika vipi siku ambayo vijana hao wangelala wagonjwa. Tangu mwaka 2023 serikali imewatawanya vijijini wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini kote, na mwajiri mdogo asiye na zahanati anaweza kufanya kazi nao ili mtu aliyegunduliwa kazini afuatiliwe nyumbani.

Kutokana na yote hayo, anayeandaa mpango wa ustawi, awe katika kiwanda cha chai cha wakulima wadogo, katika shamba kubwa au katika kituo cha maziwa, angefanya vyema kuyaandika majibu ya maswali manne katika kumbukumbu za kikao kabla ya kuchapisha bango la kwanza: wafanyakazi wenyewe wametaja mzigo gani; saa ya afya italipwa na nani; lengo la mnyapara litapunguzwa kwa kiasi gani siku hiyo; na majibu ya vipimo yatashikwa na nani. Mahali ambapo majibu hayo yameandikwa na kusomwa mbele ya wote, ushawishi hauhitaji maneno mengi, kwa kuwa watu wameona kwamba afya yao imepewa thamani katika hesabu zilezile zinazothamini majani na maziwa. Mahali ambapo hayajaandikwa, mfanyakazi anayepita kando ya hema na kikapu chake anafanya hesabu sahihi, na anayepaswa kubadilika kwanza ni aliyelisimamisha hema hilo.